Ensaiklopidia ya sayansi: unavyoipima kabla ya kutoa pesa

Kitabu cha sayansi cha mtoto mimi huanza kukisoma kwa nyuma. Muuzaji akishanikabidhi naenda moja kwa moja kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake iliyo mwishoni, na isipokuwepo nakirudisha mezani, picha zing'ae vipi. Mtoto hasomi ensaiklopidia kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Anakuja na swali lake la siku hiyo: kwa nini jogoo anawika kabla hakujakucha, kwa nini nywele za babu zimekuwa nyeupe na ndevu bado. Asipoona pa kuanzia anakifunga, anarudi kwenye simu ya mama yake.

Nayawaza haya kwa sababu dada yangu amenitwika kazi. Binti yake yuko darasa la nne, shule ya Kiingereza huku Kimara, na amefika umri wa kuuliza maswali mpaka mtu unajifanya umelala. "Kaka, mtafutie kitabu kinachojibu kila kitu, mimi nimechoka," ndivyo alivyoniambia. Alikuwa ameshaonyeshwa seti ya juzuu kumi na kitu na mmoja wa wale mawakala wanaopita maofisini, ambao unawalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Nikamwomba asitie saini kwanza.

Sina ugomvi na seti zenyewe. Tatizo ni mahali zinapoishia. Nyumba nyingi nilizoingia zenye seti, juzuu zimepangwa ndani ya kabati la vioo sebuleni, jirani na vikombe vya harusi, na ufunguo anao mama. Mtoto akitaka kujua moyo unasukumaje damu, sharti aombe ruhusa, anawe mikono, afunguliwe. Akimaliza hayo yote hamu imeshakwisha. Hata Encyclopaedia Britannica, iliyoanza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768, ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapa tena juzuu za karatasi. Toleo lake la mwisho, la 2010, lilikuwa na juzuu 32. Mtoto wa darasa la nne anahitaji kitabu kimoja, kurasa 250 au 300, cha kulazwa mkekani na kuachwa hapo mpaka asubuhi bila mtu kugombezwa. Kiwe kimeshonwa uzi, siyo gundi tupu, maana joto na unyevu wa Dar havina huruma na gundi. Kifungue katikati ukibonyeze kidogo kwa kiganja: kikilia, kiache.

Baada ya faharasa naangalia mwaka. Unaandikwa kwa herufi ndogo ndogo kurasa za mwanzo, lakini usiuamini peke yake, kwa sababu mchapishaji anaweza kuchukua maandishi ya 1998, akayavalisha jalada jipya na kuandika mwaka huu. Ndiyo maana ninazo kurasa zangu za kunasia. Naenda kwenye sayari. Pluto ikiwa bado imepangwa kama sayari ya tisa, maandishi yale ni ya kabla ya Agosti 2006, pale Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoihamishia kwenye kundi la sayari kibete. Naenda kwenye jedwali la elementi. Safu ya saba ikiwa na matundu, ni ya kabla ya Novemba 2016, ambapo elementi nne za mwisho, namba 113, 115, 117 na 118, zilipata majina rasmi. Halafu dinosaria. Wale wadogo wenye mbio, jamaa wa Velociraptor, wakichorwa na ngozi tupu ya mjusi, basi aliyechora hakupata habari za visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vyenye manyoya vilivyoanza kujulikana China mwaka 1996.

Hapo sijasema kitabu cha zamani ni cha kufungia maandazi. Posta, katikati ya jiji, kandokando ya barabara ya Samora, kuna wauzaji wa vitabu vilivyotumika ambao mimi ni mteja wao wa siku nyingi. Vitabu vingine bado vina muhuri wa maktaba ya shule fulani huko Uingereza. "Mkubwa, hicho orijino, kimetoka Ulaya hicho," muuzaji ataniambia, kana kwamba Ulaya hawakosei. Lakini ana haki ya kujivunia. Mifupa ya mtu mzima ilikuwa 206 mwaka 1992 na ni 206 leo. Wenzo, kapi, sumaku, volkano, mzunguko wa maji, tumbo la ng'ombe, haya hayajabadilika. Kurasa zilizochacha ni za anga za juu, za kompyuta na za jeni, maana kazi ya kusoma jenomu ya binadamu, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Mwenye pesa kidogo anunue cha zamani bila aibu, amwambie mtoto ni sura zipi za kuzitilia shaka.

Sasa, mwaka ukiwa mzuri bado kitabu kinaweza kuwa kinasema uongo. Ugonjwa wa vitabu vya watoto ni kunakiliana. Mmoja alikosea zamani, wengine wote wakachukua bila kuonja, na kuonja ndiko hasa kulikotakiwa. Chukua ile picha ya ulimi uliogawanywa mitaa: tamu mbele, chumvi pembeni, chungu nyuma. Chimbuko lake ni makala ya Mjerumani mmoja, Hänig, ya mwaka 1901, aliyeona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi ladha. Waliokuja kumsoma baadaye wakazikuza mpaka zikawa mipaka. Mpe mtoto chembe ya mwarobaini ncha ya ulimi, uone kama atasubiri ifike nyuma ndipo akunje uso. Mpwa wangu hakusubiri, na nilipomwonyesha ile picha kwenye kitabu kimoja pale mezani akamtazama muuzaji kwa huruma.

Mtego mwingine unatuhusu zaidi sisi wa ukanda huu, yaani maji yanayozunguka yakitoka kwenye sinki. Vitabu kadhaa vinaeleza kwamba kaskazini ya ikweta yanazunguka upande mmoja na kusini upande mwingine. Pale Nanyuki, Kenya, barabara inapokatiza ikweta, kuna vijana wenye beseni lililotobolewa na njiti za kiberiti wanaowaonyesha watalii jambo hilo hilo hatua chache huku na hatua chache kule. Ni mchezo mtamu, na riziki yao siiingilii. Lakini mzunguko ule unatokana na namna maji yalivyomiminwa na beseni lilivyogeuzwa. Nguvu itokanayo na dunia kujizungusha ni dhaifu mno kwa maji ya beseni, na ukiwa juu ya ikweta yenyewe haipo kabisa kwa kitu kinachokwenda mlalo. Inafanya kazi kwenye vitu vikubwa vya mamia ya kilomita. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilizunguka kama mshale wa saa, kama vimbunga vyote vya kusini ya ikweta. Kitabu kikikupa beseni kikakunyima kimbunga, mwandishi wake hakuelewa alichoandika.

Hapa ndipo nilipo na neno langu hasa. Mzazi anayeogopa kwamba hajui sayansi ya kutosha kukihukumu kitabu, anajipunja. Uwanja wa nyumba yake unatosha. Pima kitabu kwa jambo ambalo wewe na mtoto mmeliona kwa macho.

Anza na mwezi. Fungua ukurasa wa awamu za mwezi uangalie mwezi mchanga umechorwaje. Karibu vitabu vyote vitauonyesha umesimama wima, pembe zikitazama pembeni. Sasa toka nje jioni ya kuandama. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kupanda juu ya paa kutafuta mwezi wa Ramadhani anajua kwamba kwetu mara nyingi umelala kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Kitabu hakijadanganya, kimechora mwezi unavyoonekana London. Huku karibu na ikweta jua linazama karibu wima, upande wa mwezi unaong'aa unalielekea jua, na jua liko chini yake. Kitabu bora kina sentensi moja tu inayosema mwezi huonekana umeinama tofauti kulingana na mahali ulipo duniani. Sentensi hiyo moja inaniambia mwandishi alikumbuka kwamba kuna watoto wanaoishi kwingine. (Na nyota ya kaskazini, ile ambayo mtoto anafundishwa kutafutia njia, mwambie asihangaike kuitafuta Dar es Salaam. Iko chini ya upeo wa macho.)

Kisha kivuli. Vitabu vinasema saa sita mchana jua liko upande wa kusini. Lipo kusini kwa wao. Dar es Salaam mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya utosi. Siku hizo simamisha chupa uwanjani kati ya saa sita na saa saba, kivuli kinajikusanya chini ya chupa hata usikione. Ukimwonyesha mtoto hilo mara moja, ule mchoro wa dunia iliyoinama nyuzi 23.5 anauelewa bila kukaririshwa.

Majira pia. Theluji, maua, joto, majani kupukutika, kurasa mbili nzima za rangi, halafu basi. Masika na vuli viko wapi? Ensaiklopidia nzuri inaeleza kwamba ukanda wa mvua unalifuata jua likienda kaskazini na kurudi kusini, na ndiyo maana sisi tunaopitiwa njiani tunapata mvua mara mbili. Nimekikuta kitabu kimoja tu kilicholieleza vizuri, na hakikuwa cha bei kubwa. Na lile la maji kuchemka kwa nyuzi 100, tafuta kama wameongeza "kwenye usawa wa bahari". Njombe, karibu mita 2,000 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, na mama yeyote wa kule anajua maharage yanavyosumbua.

Usinielewe kwamba nadai kitabu kiwe cha Kitanzania kila ukurasa. Atomi haina kijiji. Ila kuna mambo ambayo kutoyataja kwetu ni kosa la kisayansi. Baba wa mpwa wangu ni mtu wa Lindi, kwa hiyo nilipekua neno Tendaguru kwenye kila faharasa. Kile ni kilima kaskazini-magharibi ya Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kiunzi kimoja kilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na bado kiko pale kwenye jumba la makumbusho, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Kwa miaka mingi aliitwa Brachiosaurus, kabla ya wataalamu kukubaliana kumpa jina lake mwenyewe, Giraffatitan. Picha za mnyama huyo mwenye shingo ndefu zipo karibu kila kitabu cha watoto duniani, na nyingi zimetokana na kiunzi hicho. Vitabu vingi nilivyopekua vina picha, vinataja Berlin, havitaji Lindi. Mtoto alipojua akakata shauri kwamba babu yake mzaa baba lazima aliwahi kuuona mfupa akaficha habari.

Kuna jambo jingine ninaloliangalia, nalo sijawahi kulikuta limeandikwa kwenye jalada. Je, kitabu kinaeleza tumejuaje? Wingi wa vitabu vya bei rahisi ni mvua ya majibu: moyo unadunda mara kadhaa, mwanga unakwenda kasi kadhaa, nyangumi ana uzito kadhaa. Mtoto anavikariri, anakuja kukushinda navyo mezani, na hakuna alichoelewa. Afadhali kitabu chenye mambo nusu ya hayo, lakini kinachokuambia nani alipima, kwa chombo gani, na wapi bado wanabishana.

Kwenye kubishana mimi nina kipimo changu, naye ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba sekondari, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Maziwa yanachemshwa na sukari, yanapoozwa, ndipo yanaingia kwenye friza. Yeye akaona nafasi inakwisha, akaweka yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka. Osborne akarudi akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia hawajaafikiana kama jambo hilo linatokea kweli au linategemea namna ya kupima, na waliorudia majaribio wamepata majibu yanayopingana. Kitabu kinachosema tu "maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi" kimeshindwa. Kinachosema huo ni uzushi nacho kimeshindwa. Kinachomwachia mtoto ubishi wenyewe, nakiweka kwenye kapu.

Majaribio ya kufanya nyumbani yana shida yake. Vitabu vinapenda kabichi ya zambarau: chemsha, upate maji yanayobadilika rangi ukitia siki au soda. Kabichi hiyo utaipata supamaketi za wenye nazo. Lakini kitabu kikishaeleza kwamba kazi inafanywa na rangi iliyomo kwenye mmea, inayobadilika kulingana na asidi au besi, hutahitaji kabichi. Tulitumia rozela. Konzi ya rozela kavu kwenye maji ya moto, maji yakawa mekundu kama ilivyo kawaida ya juisi yake. Mtoto akatia magadi, yale yale ya kuivishia makande, kwa ncha ya kijiko. Nyekundu ikageuka zambarau, akaongeza kidogo, ikawa kijani ya ajabu, rangi ambayo huwezi kumpa mgeni. Kisha akakamulia ndimu. Povu likapanda mpaka ukingoni, kikombe kikamwaga, na povu liliposhuka wekundu ulikuwa umerudi. Bibi yake aliyekuwa anachambua mchele pembeni alisema tu, "Na sukari ya nani hiyo?" Hakukuwa na sukari, lakini ilibidi kuapa.

Lugha ndiyo inayowaangusha wengi dukani. Jalada linasema miaka minane hadi kumi na miwili, hiyo ni miaka minane ya mtoto anayeota kwa Kiingereza. Namna yangu ni hii: mtoto asome aya moja kwa sauti, afunge kitabu, anieleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza bibi. Akisema "ni hivi, umeme unatembea kwenye waya kwa sababu..." akaendelea hata kwa kuyumba, kitabu ni chake. Akinirudishia maneno yale yale ya Kiingereza kwa mpangilio ule ule, bado. Vya Kiswahili vya kiwango hicho ni vichache mno madukani, na hilo linaniuma kuliko bei, kwa sababu watoto wengi wa nchi hii wako kwenye shule za msingi za Kiswahili na wana maswali yale yale. Mzazi atakayebahatika kuipata ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 1990, aichukue. Siyo ya kumsomea mtoto, ni ya kumwokoa mzazi.

Wanaoniambia intaneti imemaliza kazi hii, siwapingi sana. Bando likiwepo, simu inajibu. Ila simu inajibu ulichouliza, halafu inakupeleka inakotaka yenyewe. Kwenye kitabu, aliyekwenda kutafuta mamba anakutana na mamba, manjano, mapafu na matetemeko ya ardhi, na mpwa wangu sasa anajua kuhusu matetemeko kuliko mtu yeyote Kimara bila kuwahi kuyatafuta.

Mwisho tulichukua viwili. Kimoja kipya cha dukani, chenye faharasa nzuri na sentensi ile ya mwezi. Na kingine cha Samora, chakavu, chenye michoro ya mashine iliyokatwa ubavuni ambayo siku hizi hawaichori kwa uvumilivu ule. Kile kipya kinasema sayari ya Zohali ina miezi 146. Ilikuwa kweli kilipoandikwa. Machi 2025 ikathibitishwa mingine 128, jumla 274. Nilimpa penseli, akakata namba, akaandika mpya pembeni pamoja na tarehe, akaacha nafasi chini yake kwa itakayofuata. Jioni ile ile dada alinipigia simu kwamba kitabu kipya kimeshaanza kuchorwachorwa, na kwamba anafikiria kukivisha jalada la plastiki na kukiweka juu ya kabati. Bado tunabishana.